Kurwa wa Chiwata na Karamu ya Akida

Mtu mmoja akikushauri, una ushauri. Wakikushauri watatu, una homa. Homa hiyo ndiyo iliyomshika Kurwa, kijana aliyewashinda wenzake wote wa Chiwata kwa kupiga ngoma, mwaka wa nne baada ya vita vya Majimaji. Alikuwa ameitwa mahali pawili kwa siku zilezile. Hapo Chiwata vijana walikuwa wanatoka jandoni. Na Masasi akida alimwandalia karamu Mjerumani mkubwa kutoka Lindi. Kule asikokwenda hataitwa tena maishani, hilo alilijua. Asilolijua ni pa kwenda.

Halfani, mwuza vitambaa, alimwambia, "Wenye jando watakupa ugali na kuku, kesho wamekusahau. Mpiga ngoma hutafuta sikio la mkubwa."

Benedikto, mwalimu wa misheni ya Lulindi, akamwambia aachane na ngoma kabisa, aingie kwaya, maana Jumapili haikosi kuja.

Pili naye alikuwa mtani wake. Ukoo wa Pili na ukoo wa Kurwa walitaniana tangu enzi za mababu. "Ngoma yako inatokota kama chungu cha kunde," alisema. "Akida ana masikio, atakufukuza. Kawapigie akina mama wa jando, wamechoka kulia, hawasikii vizuri." Kurwa akacheka. Neno la mtani nani hulishika?

Alhamisi akamtuma pacha wake, Doto, atangulie Masasi na ngoma ndogo. "Sema Kurwa yuko njiani." Hata wakati huo moyo wake haujatulia, lakini angalau mguu mmoja ulikuwa umeshakwenda.

Ijumaa alfajiri akatoka nje kuchukua ngoma kubwa, asiione. Pili alikuwa ameibeba kichwani, anakata kona ya uwanja wa jando huku akipiga vigelegele. Mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kukasirika, unakikomboa. Kurwa akamkimbilia.

"Nitakupa jogoo!"

"Sina meno."

"Kitambaa basi!"

"Ninacho. Ikomboe kwa kupiga."

Moto ulikuwa tayari unawaka, na Pili akaisogeza ngoma karibu nao ili ngozi ikaze. Akina mama walipomwona Kurwa walipiga kelele za furaha, wakamzunguka, wakamshika mikono. Angewaambiaje kwamba amefuata mali yake tu? Alipiga kidogo ili wamwachie. Kisha vijana wakatokeza, wamenyolewa, wanang'aa mafuta, na mikono ikasahau safari. Alipiga mpaka Jumamosi jioni. Hajawahi kupiga vile, na katikati ya raha ile akamkumbuka Doto anayemngoja Masasi.

Jumatatu Halfani akarudi kutoka Masasi, akaja moja kwa moja kwa mama yao, Bi Somoe.

"Mama Kurwa, shikamoo! Pokea hongera. Akida aliita, 'Kurwa wa Chiwata!' Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili askari akanyanyua kiboko, ndipo mwanao akasimama akaitika. Alipiga kile kingoma kidogo mpaka Mjerumani akatikisa mguu. Wamemwandika daftarini, wamemteremsha Lindi awe mpiga ngoma wa maaskari. Kurudi lini, hakuna anayejua." Akamgeukia Kurwa. "Pole, Doto, kubaki peke yako."

Kurwa akafungua mdomo. Mama yake akamkanyaga mguu kwa nguvu zote.

Halfani alipoondoka, Bi Somoe akasema kwa sauti ndogo, "Ukijitaja, mwenzako atachapwa kwa uongo, na wewe utafuatwa. Nibakizie mmoja." Kisha akaanza kulia, na Kurwa hakujua analiliwa nani.

Chiwata nzima ikachanganyikiwa siku mbili, halafu ikapata jibu lake. Kumbe aliyepiga jandoni alikuwa Doto! "Ndiyo maana mkono ulikuwa mzito kidogo," wakasema walewale waliomkumbatia. Pili peke yake alijua ngoma aliichukua kwa nani. Hakusema, wala hakumtania tena, na ukimya huo ulimwuma Kurwa kuliko yote. Je, mwanamke yule alikuwa amemwokoa au amemtosa ndugu yake? Akimtazama usoni haoni jibu.

Wachukuzi waliopanda kutoka Lindi walikuja na sifa za Kurwa wa Chiwata, kwamba pwani yote hapana mkono kama ule. Alizisikiliza akimenya muhogo, asijue acheke au alie.

Mwaka uliofuata wakamwalika tena jandoni. Alipiga mpaka jasho likamwingia machoni. Alipopumzika, mzee mmoja mwenyeji wa shughuli akamshika bega kwa huruma.

"Usikate tamaa, Doto. Kaka yako alizaliwa nayo. Lakini ukijitahidi, ipo siku utamkaribia."

"Inshallah, babu," akajibu, akaisogeza ngoma motoni.