Takhmisi ya Baba

Baba aliiinua pasi kutoka kwenye kola ya sare yake ya kukatia tiketi basini, akanitazama. "Nani mwizi?"

"Huyu mshairi wa Kilatini."

Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka 1975, jikoni kwetu Thornton Heath, huku ughaibuni, na kesho yake insha yangu ilitakiwa chuoni. Nikamweleza. Mshairi wa kwanza aliandika kwa utani: shungi la nywele lililokatwa linamwapia malkia kwamba halikutoka kichwani pake kwa hiari. Baadaye akaja mwingine, akauchukua mshororo ule ule, akabadilisha maneno mawili matatu, akamtia kinywani msafiri aliyemwacha malkia aliyempenda, naye malkia akajiua. Msafiri anakutana na kivuli cha malkia kuzimu, anamwambia: si kwa hiari yangu nilitoka ufukweni kwako.

"Na malkia anajibu nini?"

"Hajibu. Anageuka, anakwenda zake."

Baba akazima pasi.

"Huyo si mwizi, Raya. Mwizi huficha. Huyu ametaka wenziwe wautambue mshororo, wakumbuke kicheko, ndipo kilio kiwaume. Ni jamaa ya takhmisi yetu. Mwenzio ana mishororo miwili, wewe watia mitatu yako juu. Yake inabaki vile vile, lakini sasa yasema jambo jingine."

Sikuwahi kumsikia akizungumzia mashairi. Tulipoondoka Zanzibar baada ya mapinduzi nilikuwa na miaka minane. Hakumuaga hata dada yake, Mwanakheri, aliyemlea na kumfundisha kutunga, kwa kuhofu kumponza.

Akaenda chumbani, akarudi na barua iliyochakaa mikunjo. Ndani yake mlikuwa na mishororo miwili tu, kwa mwandiko wa shangazi:

*Uliondoka kwa siri, nyumba naona baridi,*
*Mlango wazi dahari, ndugu, lini utarudi?*

"Ilifika lini, Baba?"

"Mwaka wa sitini na sita."

"Ukamjibu?"

"Ningemwambia nini?" Akalitazama daftari langu. "Yule malkia hakujibu kwa kuwa alikwisha kufa. Dada yangu yu hai."

Akavuta kiti, akaketi kati ya makaratasi yangu, shati limepigwa pasi upande mmoja. Nilimpikia chai, ikapoa. Nilichungulia begani kwake nikausoma mshororo wa kwanza: *Sikutoka kwa hiari, ila sikuwa na budi.* Nikarudi kwenye insha yangu, nikalifuta neno "mwizi" kila lilipokuwapo.

Kwa wiki nane baada ya kuituma takhmisi yake, Baba alikuwa wa kwanza kuufikia mlango kila posta ilipokuja. Barua ilipofika, alinipa nimsomee, akasema miwani yake ina ukungu.

Shangazi hakulaumu, wala hakutaja msamaha. Aliandika: "Mbarouk, mshororo wako wa pili umezidi mizani moja. Ndivyo nilivyokufunza? Utengeneze, kisha uniletee mwenyewe."

Baba akaurudia mshororo ule kwa sauti, akihesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Kweli," akasema. "Umezidi."