Kuku Waliotazama Bati

Nilishuka kwenye lori la mahindi pale Mlowo saa tano asubuhi, vumbi la Chitete limenijaa mpaka masikioni, na kabla sijaingia nyumbani kwangu nikakuta shimo. Lilikuwa limechimbwa nyuma ya banda langu la kuku, kina chake kiunoni, na pembeni yake kuna rundo la magunzi makavu na galoni la mafuta ya taa. Osward alikuwa ameegemea sepetu. Hakunisalimia.

"Mama Angel, afadhali umekuja," alisema. "Sikutaka kuwachoma kuku wako wewe mwenyewe haupo."

Osward ni jirani yangu, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji wa kuku wa nyama. Banda lake liko hatua thelathini kutoka langu, na mwaka ule wa 2009 lilikuwa na kuku mia sita. Mimi nilikuwa na mia moja na hamsini, na hao ndio walikuwa nafasi yangu ya mwisho. Makundi mawili ya kwanza yalinifia, moja kwa baridi ya Juni, jingine kwa kuhara damu, na kikundi kilishaniambia waziwazi kwamba wakifa na hawa nitoke, zamu yangu ya vifaranga apewe mwingine. Mume wangu Boazi, anayepakua malori kule mpakani Tunduma, naye alishasema banda likibaki tupu tena litarudi kuwa ghala la kahawa. Nilikuwa nimeambiwa sijui kufuga na watu wa kutosha. Sikuwa tayari kuambiwa tena.

Nikasukuma mlango wa banda. Kuku walikuwa na siku ishirini na tatu, wanene, weupe, na zaidi ya thelathini kati yao walikuwa wamekalia visigino, shingo zimepinda nyuma mpaka kisogo kinagusa mgongo, macho juu, wanatazama bati. Hawakulia. Walikaa tu hivyo, kama watu waliosikia kitu kinatembea darini. Wanne walishakufa, wamewekwa kwenye ndoo.

"Mdondo huo," Osward alisema nyuma yangu. "Shingo ikishapinda hivyo hakuna cha kuuliza. Kesho uko kwangu."

"Wamechanjwa."

"Na wangu wamechanjwa, chupa hiyohiyo, siku hiyohiyo. Kama chanjo ilipikika na jua njiani, basi na mimi sina kinga. Unaona ninachokiogopa?"

Nilikiona. Ningekuwa mimi ningeshawasha moto tangu asubuhi, na hilo ndilo lililoniudhi, kwamba alikuwa na haki. Lakini nilipiga magoti kwenye maranda nikatazama kinyesi. Hakikuwa cha kijani. Nikaweka sikio kwa kuku mmoja, kisha wa pili. Hawakukoroma wala kupiga chafya. Mdondo ninaujua, uliwamaliza kuku wa kienyeji wa mama yangu nikiwa darasa la nne, na walikufa wakikohoa.

"Nipe mpaka jioni," nilisema.

"Saa kumi," alisema Osward. "Saa kumi kamili, Mama Angel, na sitakuomba ruhusa." Akaenda kukaa kwenye jiwe karibu na galoni lake. Wanawake watatu wa kikundi walishafika, wamejipanga kwenye kivuli cha migomba, mikono vifuani.

Nikaanza na chakula, kwa sababu ndicho ninachokijua. Nachanganya mwenyewe: mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa, chokaa, na mwisho ule unga wa njano wa dukani wenye vitamini na madini, ambao bila huo kuku wa nyama ni bure. Niliacha magunia yamechanganywa tayari kabla ya kwenda Chitete kumwuguza dada yangu aliyejifungua. Siku kumi na moja nilizokuwa kule, kuku aliwatunza mama mkwe wangu, Tabita. Nilifungua gunia. Chakula kilikuwa kizuri, kinanuka dagaa kama kawaida. Lakini nilipoinua vyombo vya kulia nikakuta vimegandwa na ukoko wa manjano, mgumu, wa kukwangua kwa kisu. Chakula kikavu hakiachi ukoko.

Nikaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa amekalia kigoda, anachochea moto chini ya lile sufuria lake kubwa ambalo hukodiwa na kata nzima penye msiba au harusi. Miaka arobaini hakuna sherehe Mlowo iliyopikwa bila yeye kuonja. Mimi nimekaa naye miaka saba, na katika miaka saba hiyo ugali wangu haujawahi kuiva, chumvi yangu haijawahi kutosha, na maharage yangu, kwa maneno yake, unaweza kuyapiga kwa manati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Dada hajambo? Mtoto ana uzito?"

"Hawajambo. Mama, kuku wamekula nini?"

Akatabasamu. Hilo silisahau, alitabasamu. "Wamekula vizuri kuliko unavyowapa wewe. Mwambie huyo Osward aache wazimu wake, kuku wangu hawawezi kuwa na ugonjwa. Nimewapikia kila siku."

"Umewapikia?"

"Wewe unawamwagia unga mkavu, na soya ngumu vile. Viumbe vidogo. Mimi naamka saa kumi na moja, nakoroga uji mzito, natia magadi ulainike, napoza, nawapelekea. Wanaukimbilia."

Goti lake la kulia limevimba miaka mingi sasa, kutoka jikoni mpaka bandani anapumzika mara mbili. Alikuwa amebeba ndoo za uji huo siku kumi na moja.

"Ulipika vyote? Na ule unga wa njano?"

"Vyote si viko kwenye gunia moja? Mimi ningeutoaje?"

Kwenye semina ya wafugaji kule Vwawa mwalimu alitusimamisha mara tatu kwa jambo moja tu: ule unga hauendi motoni. Nikatoka nje nikampigia simu Nikodemo, bwana mifugo wetu. Alikuwa kwenye mkutano, akazungumza kwa kunong'ona. Nilipotaja uji akasema mmh. Nilipotaja magadi akaacha kunong'ona.

"Mama Angel, hapo hakuna vitamini B iliyobaki," alisema. "Moto unaipunguza, magadi yanaimaliza. Kuku wakikosa B moja kwa siku kumi, miguu inakufa na shingo inakwenda nyuma hivyohivyo. Kimbia dukani, chukua vitamini ya unga, iwe na B moja, uwape mdomoni mmoja mmoja. Ukiweka kwenye maji wagonjwa hawatakunywa. Kama ni upungufu tu, wanainuka, wengine ndani ya saa mbili tatu. Kama ni mdondo, hata umpe nini hainuki."

"Na Osward?"

"Mwambie asubiri."

Rahisi kwake kusema. Osward alinisikiliza akitikisa kichwa. "Vitamini," alisema. "Kuku wanakufa, wewe unaniambia habari za vitamini. Nipe sababu, Mama Angel. Kwa nini wako wakose na wangu wasikose, wakati unga wa njano tulinunua pamoja?"

Wale wanawake watatu walinitazama. Na mama alikuwa ameshatoka jikoni, amesimama mlangoni na mwiko mkononi, anasikiliza. Ningeweza kusema nitaeleza baadaye. Ningeweza kumvuta Osward pembeni. Lakini jua lilikuwa utosini, shimo lilikuwa wazi, na nisidanganye, kulikuwa na miaka saba ya ugali usioiva iliyokuwa inanisukuma mgongoni.

"Kwa sababu mama amewapikia uji," nilisema, kwa sauti. "Kila siku. Wa magadi. Amechemsha vitamini zote zikaisha."

Mmoja wa wale wanawake alicheka, kisha wote watatu. Nesta, mwenye mdomo kuliko wenzake, akasema, "Kuku wamepikiwa kama wageni wa harusi," na wakacheka upya.  Mama aliutazama mwiko, akarudi ndani.

Sikuwa na muda wa kumfuata. Nilikimbia mpaka stendi. Duka la kwanza la mifugo walikuwa na dawa za minyoo tu. La pili mwenye duka alikwenda kula, nikasubiri mlangoni nikiwatukana wote wanaokula mchana. Nilirudi saa saba na nusu na pakiti mbili na bomba la sindano bila sindano yake. Nikakoroga vitamini kwenye kikombe, nikakaa kwenye maranda, nikaanza. Kuku mmoja unambana mapajani, unamfungua mdomo kwa kidole, unadondosha polepole asije akapaliwa, unamlaza, unachukua mwingine. Thelathini na wawili. Wazima nikawawekea kwenye maji. Nikarudia wagonjwa mara ya pili. Wawili walikufa mikononi mwangu, na wa pili nilimtikisa kama mjinga.

Saa tisa hakuna aliyeinuka. Saa tisa na nusu mwingine akafa. Osward alikuwa anasogea kidogo kidogo, kutoka kwenye jiwe mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka mlangoni, na galoni lake.

"Kuna wangu mmoja amepiga chafya," alisema.

"Vumbi."

"Mama Angel, nina watoto wanne wanasoma kwa kuku hao."

"Najua, kaka Osward."

"Toka hapo."

Nikakaa kizingitini, nikanyoosha miguu mpaka mwimo wa pili wa mlango. Ningetoka pale kwa kuinuliwa tu, na alijua kwamba hawezi kumshika mke wa mtu. Saa kumi ilipofika alitoa kiberiti, akamwita Nesta anitoe. Nesta alinishika kwapani, akavuta, mimi nikashika mwimo, na katikati ya aibu hiyo nikahisi kitu kinanidonoa kwenye kandambili.

Alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo. Shingo yake ilikuwa bado imekaa upande, amechoka, lakini kichwa kilikuwa kimeshuka na jicho moja lilikuwa linatafuta chakula chini, kama jicho lolote la kuku. Alidonoa tena, akakosa, akaanguka, akainuka kwa miguu yake. Nesta aliniachia. Nyuma yake wa pili alikuwa anashusha kichwa, kwa mkupuo mkupuo, na wa tatu ameshasimama anayumba.

Osward alichuchumaa pale mlangoni kwa muda mrefu. Akarudisha kiberiti mfukoni. "Mdondo hauachii," alisema, akijiambia mwenyewe. Alichukua galoni na sepetu, na kabla ya kuondoka akaanza kulifukia lile shimo, na wanawake wakamsaidia. Mpaka jua linazama, ishirini na mmoja walikuwa wamesimama. Nilikaa kwenye maranda nikalia, na sikuona aibu. Kundi lilikuwa limepona, na mimi nilikuwa sahihi, mbele ya mashahidi.

Nikaingia ndani nikitaka chai. Jikoni moto ulikuwa umezimika. Mama alikuwa kwenye kigoda kilekile, sufuria limefunikwa chini juu, na mfuko wa magadi uko mapajani mwake. Hakuwa amepika chochote, na katika nyumba ile sikuwahi kuona jioni ambayo hajapika.

"Wameinuka?" aliuliza.

"Wameinuka, mama. Wengi." Nikatafuta maneno. "Mama, pale nje, nilisema vibaya. Sikupaswa mbele ya watu."

Alipunga mkono kana kwamba nimetaja jambo la mwaka juzi. "Mama Angel, nieleze vizuri, mimi sikusoma. Magadi yanaharibu kile cha kwenye chakula. Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na asiyekipata, miguu inakufa."

"Kwa kuku, ndiyo. Bwana mifugo ndivyo alivyosema."

Akaukunja mdomo wa mfuko, akaukunjua.

"Boazi hakuwa wa kwanza," alisema. "Nilikuwa na Yonathani. Alitembea mapema, miezi tisa, anakimbia uwanja mzima. Nikamwachisha ziwa, nikamwanzishia uji na maharage ya kuponda. Niliyalainisha sana kwa magadi, mwanangu, asije akapaliwa. Watu walisema Tabita anajua kulisha. Halafu akaanza kukaa. Unamsimamisha, anakaa. Tulimpeleka Mbozi misheni, tulimwombea kanisani, mama yangu alisema amerogwa na watu wa upande wa baba yake, na hao sikuwasalimia miaka sita. Akaenda hivyohivyo, anakaa tu, hata kulia halii."

Aliniinulia uso. Hapakuwa na lawama humo, na ningependa ingekuwapo.

"Nilimpikia kila siku," alisema. "Ni mimi?"

Miaka saba nilikuwa nangoja siku ambayo mwanamke huyu ataniuliza jambo kwa sababu mimi najua na yeye hajui.

"Watu si kuku, mama," nilisema.

Akaendelea kunitazama, mfuko umekunjwa mkononi, akingoja nimwambie nimejuaje.