Siku Tatu Katika Kibanda cha Uzazi

Bindubala alikuwa na siku tisa tangu ajifungue pale redio ya mwenye duka ilipotangaza uhuru kutoka kwa Waingereza, tarehe kumi na tano Agosti 1947. Kwa mpaka wa muda, wilaya yao ya Nadia ikahesabiwa upande wa Pakistani, nchi mpya ya Waislamu, na Wahindu wa mtaa wao wakaanza kufunga mizigo. Mumewe, Jogesh, alimpakia mama yake kwenye gari la ng'ombe, kisha akasimama mbali na kibanda cha uani alimotengwa mkewe, kama desturi inavyotaka, akaahidi kwamba siku ishirini na moja zikitimia atamfuata. Kabla ya hapo mzazi hagusiki. Hapandi gari na watu, wala haingii jikoni.

Akabaki na mtoto. Hakuogopa Pakistani wala India. Aliogopa kuachwa peke yake na kitoto ambacho hata kunyonya kilikuwa hakijajua vizuri. Uani palinyamaza hadi akawa anaongea na sufuria.

Mkunga Rahela, Mwislamu wa ng'ambo ya bwawa, ndiye pekee aliyekuja. Alimletea wali kwenye jani la mgomba, akamkanda tumbo, akamtania kwamba Jogesh amekimbia utadhani mtoto ndiye aliyeleta Pakistani.

Jumatatu, siku ya tatu tangu tangazo la redio, alichelewa. Alipofika alisema mpaka umetangazwa rasmi, na bendera imebadilishwa mjini: Nadia imeangukia India. Bindubala akacheka kwa furaha. Jogesh atarudi! Ndipo akaona Rahela hajakaa.

"Na nyinyi je, shangazi?"

"Wanangu wamefunga mizigo. Juzi mlikimbia nyinyi, leo zamu yetu. Huyo mchora mpaka nadhani hajawahi kufuga hata kuku."

Bindubala akainuka. Akambeba mtoto, akatoka kibandani, akakatiza ua, akaingia jikoni. Zilikuwa zimebaki siku tisa kutimia zile ishirini na moja.

"Mwanangu, mama mkwe wako atavunja vyungu vyote hivyo, aseme vimenajisiwa."

"Avivunje. Wewe kaa ule."

Rahela alikuwa amezalisha watoto wote wa ua ule, Jogesh mwenyewe akiwemo, na hakuwahi kula humo hata punje, kwani jiko la Wahindu haliingiwi na Mwislamu. Wali ulipokuwa ukichemka alimwonyesha tena namna ya kumshika mtoto, kichwa kwenye kiwiko, kidevu kiguse titi. Safari hii mtoto akanyonya kweli. Wakala wali na dengu, wamepakata majani yao.

Wana wa Rahela walikuja kumchukua kwa miguu. Bindubala alisimama njiani mpaka kilemba cha yule wa mwisho kikapotelea kwenye mashamba ya juti, ile mimea mirefu ya nyuzi za magunia.

Kisha akarudi. Kibandani hakwenda tena. Alitandika mkeka ndani ya nyumba kubwa, akauacha mlango wazi, apitaye ajue mna mtu, akaanza kumwambia mtoto majina ya vitu vilivyomo.