Chumba cha Kulia, Makutupora

Harufu ya mavi ya ng'ombe yanayoungua ilipanda adhuhuri, katikati ya chumba cha kulia, palipotandikwa meza ya mninga kwa kitambaa cheupe. Bibi, mke wa Mjerumani mwenye shamba la mkonge, aliweka kijiko chini.

"Yudith, sugua tena."

Yudith akapiga magoti. Alijua harufu ilikotoka. Kabla ya nyumba hii palikuwa na tembe la baba yake, Matonya, lililozunguka zizi lake, na Wagogo humzika mwenye kaya zizini, kati ya ng'ombe wake na moshi wa mavi yao. Mjerumani alipolibomoa tembe hakumuuliza mtu. Alipandisha kuta za mawe, nene kama za boma la serikali, akazungushia baraza pande zote, akaezeka bati lililoumiza macho juani. Nyumba nzuri, tusiinyime haki yake. Ila sakafu yake ilimlalia Matonya kifuani.

Ndiyo maana Yudith aliomba kazi humo. Majirani walimsema kwamba anajipendekeza kwa wazungu; akawaacha waseme. Alifika kabla ya wote, akasugua taratibu, akajiona yuko nyumbani.

Bibi ndiye aliyezidi kukonda. Siku moja alimkalisha Yudith kitini, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Niambie kweli. Chini ya sakafu hii kuna nani? Unasugua kila siku na harufu inarudi. Bwana hanusi kitu, anasema nimeanza kuchanganyikiwa. Anasema kama kweli kuna mtu, atamfukua amtupe nje ya shamba."

Macho yake yalikuwa mekundu. Yudith alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi. Neno moja lingemwonyesha mwanamke huyu kwamba akili zake ni timamu. Neno hilohilo lingempeleka baba yake porini, kwa fisi.

"Hakuna mtu, Bibi."

"Una hakika?"

"Hapajawahi kukaa mtu hapa. Palikuwa pori tu."

Aliyasema hayo kwa sauti, akiwa juu ya kaburi la baba yake.

Harufu haikurudi. Bibi akanenepa, akawa anaimba akipanga maua, na Bwana akasahau habari za kufukua. Nyumba ilinuka sabuni, kila chumba.

Yudith hakuacha kuwahi. Asubuhi moja aliinama mpaka midomo ikagusa jiwe la sakafu, akataja jina lake, akataja na la mama yake, kama mgeni anayejieleza mlangoni. Akangoja kukaribishwa.