Springi Zenye Doa la Buluu

Saa sita na dakika kumi, kengele ya chakula ilipolia, mkaguzi wa meza ya tatu alifunika kopo lake la rangi, akafuta brashi kwa kitambaa, akaenda kantini kubishana kuhusu vita. Walimwita Wakili. Mahakamani hakuwahi kukanyaga, ila akiishika hoja haachii mpaka uliyeileta uikane mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuminya springi ndogo, moja moja, kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Iliyofyatuka sawasawa aliipaka doa la buluu, rangi ambayo kiwandani pale ilikuwa yake peke yake. Doa lake lilikuwa na kamkia, kwa sababu ya kovu la dole gumba. Juu ya masanduku paliandikwa "matumizi ya jumla", na malori yaliyapeleka bandarini.

Mpinzani wake alikuwa Jenerali, fundi wa mashine ya kukunja waya, aliyepewa cheo hicho na kantini. Vita vyenyewe vilikuwa ng'ambo, na vilikuwa vinaingia mwaka wa tatu.

"Wenzetu ndio walioanza kupigwa," Jenerali alisema siku hiyo. "Mwizi akiingia kwako, utamtengea chai?"

"Mwizi nitamfukuza," alisema Wakili. "Lakini wewe umechoma mtaa mzima, halafu unaniambia mwizi alikuwa nyumba ya saba. Yule aliyelala nyumba ya pili alikukosea nini?"

"Mtaa ulimficha."

"Na kichanga nacho kilimficha? Wapi, Jenerali, kwenye nepi?"

Kantini ikaangua kicheko, meza zikapigwa. Jenerali mwenyewe alicheka. Wakili aliinua kikombe amalizie chai, akakuta chini yake kuna springi. Ilikuwa ya moto kuliko chai. Aliiminya kwa mazoea, akaona imelegea. Ilishafanya kazi yake huko ng'ambo. Ilikuwa na vumbi la kijivu, na chini ya vumbi doa la buluu lenye kamkia. Aliitia mfukoni akarudi mezani kwake, maana muda ulikuwa umekwisha.

Tangu siku hiyo zikawa zinarudi. Alizikuta kwenye kiatu, kwenye bakuli la sukari, na moja katikati ya mche wa sabuni alipoukata. Siku asizobishana hazikuja. Siku aliyosema maneno mazito mpaka akina mama wa kufungasha wakajifuta macho, alifika nyumbani akakuta foronya imejaa. Alizikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya kabati.

Binti yake, wa kidato cha pili, alimuuliza ni za nini.

"Za vitanda tu," alijibu. "Zimerudishwa."

Za vitanda ndivyo alivyomwambia tangu akiwa mdogo. Siku zile mtoto alitamba kwa wenzake kwamba mama yake ndiye anayewalaza watu usingizi. Baba yake alishafariki, na kazi ile ndiyo iliyomlea. Wakili alisikia uso unamwaka, akageukia jiko lisilohitaji kuangaliwa.

Iliyomtoa nyumbani na kopo lake ilikuwa springi moja iliyozongwa na uzi wa njano. Alikuwa mfumaji, alizijua sufu. Ile ilikuwa laini, ya aina wanayonunuliwa watoto ili shingo isiwashe. Aliipeleka kwa msimamizi pamoja na zote.

Msimamizi alichungulia ndani ya kopo. "Za kwako nazo zimeanza? Za yule wa doa jekundu zilirudi mwaka jana. Jaza fomu."

Fomu ilikuwepo, na ilikuwa na nafasi ya kuandika zilipoonekana. Wakili aliandika: kikombe, kiatu, sukari, sabuni, foronya.

"Zitapikwa upya tanuruni, halafu utazikagua tena," alisema msimamizi. "Nyuzi zitolewe kwanza, imeandikwa kwenye nakala yako ya fomu, zinaziba mashine. Na hayo mabishano yenu endeleeni nayo tu, mama. Chuma kimekuwa adimu, unatusaidia kweli."

Nje alikutana na Jenerali. Alilitazama lile kopo, safari hii hakucheka.

"Kwangu haijarudi hata moja," alisema. "Labda kwa sababu mimi sijawahi kukana kuwa ni zangu."

Wakili alimpita, akalipeleka kopo kwenye tanuru. Alirudi mezani, akafungua kopo la rangi. Springi zilizopikwa zilifika saa tisa, na nyingi zilifyatuka vizuri. Akazipaka.

Ijumaa shule iliwaalika wazazi kwenye mdahalo. Mada ilikuwa "Vita vya ng'ambo ni vya haki", na binti yake alikuwa upande wa kupinga, kwa hoja alizokaririshwa na mama yake wiki mbili. Alizisema vizuri. Alipofika kwenye nyumba ya saba na nyumba ya pili, wazazi walipiga makofi. Kijana wa upande wa pili akasimama kuuliza swali.

"Msemaji anasema kila mtu ajiulize mkono wake uko wapi kwenye vita hivi. Je, mama yake anafanya kazi gani?"

"Mama yangu anakagua springi za vitanda," alisema binti.

Hapo springi zikaanza kumtoka Wakili kwenye mikono ya blauzi, kwanza mbilimbili, kisha kwa fungu, zikidunda sakafuni mpaka chini ya meza ya walimu. Wazazi waliinua miguu, wakamsaidia kuokota. Aliyekaa jirani naye alizikusanya kwenye mkoba, akapuliza vidole kwa sababu zilikuwa za moto. Mwalimu wa zamu alisema dakika mbili zimebaki. Binti aliinama akaokota moja iliyoviringika hadi kwenye kiatu chake. Aliangalia doa lake, akamwangalia mama yake, akamaliza hotuba yake. Upande wa kupinga ulishinda.

Njiani binti alitangulia, amezibeba zile springi. Wakili alitamani aulizwe, hata kwa kufokewa, aweze kujitetea.

Jumapili jioni alipiga pasi ovaroli ya kesho. Binti yake alitandika gazeti mezani, akamwaga zile za mdahalo, akachukua sindano na kuanza kuchomoa nyuzi zilizozizonga, moja moja.

"Zitolewe kwanza, si ndiyo?" alisema. "Nimesoma kwenye fomu yako."

Wakili alitaka kumwambia acha, mwanangu, ziache hizo. Alipitisha pasi kwenye kola ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Binti alizipanga nyuzi kwa rangi: kijani chache, nyeupe kidogo, na njano fungu zima.

"Mama, za njano zimeshakuwa nyingi. Zinatosha kufuma sweta."

"La mtu mkubwa?"

Binti alizipima kwa kiganja chake.

"Hapana," alisema. "La mdogo sana."

Wakili aliitundika ovaroli nyuma ya mlango. Zamu ilikuwa inaanza saa moja.