Mshono Uliofumuliwa

"Mshono mzuri," alisema daktari wa upasuaji, kisha akachukua mkasi akaanza kuukata.

Nilikuwa nimelala chali natetemeka kwa homa, mguu umevimba, ngozi imegeuka zambarau hadi karibu na goti. Harufu iliyotoka pale ilimfanya nesi ageuze uso. Mama mkwe wangu, aliyesimama kando ya kitanda amekumbatia mkoba wake, hakugeuka. Mshono ule aliusimamia yeye.

Siku chache kabla, maji ya mvua yalikuwa yamefurika mtaani mimi na mama mkwe tulipofunga duka letu la ushonaji. Sikuuona mtaro. Mguu ulizama, nikasikia mfupa ukikatika, na nilipotolewa kwenye yale maji ya vyoo na takataka, ncha ya mfupa ilikuwa nje. Tabibu wa zahanati ya jirani aliosha juu juu, akasema kidonda kibaki wazi mpaka tufike hospitali kubwa.

Mama mkwe akaja juu. "Wazi? Kama kushona kumekushinda, lete sindano nishone mimi!"

Huyu ndiye aliyenifundisha cherehani kwa neno moja: fumua. Pindo likienda upande, fumua. Kola ikikunjamana, fumua, na usininunie. Tabibu naye alimwogopa, akashona kidonda kikapendeza. Barabara zilikuwa zimejaa maji, kwa hiyo tulirudi nyumbani tumeridhika.

"Nyama ikiwa imekufa mpaka ndani, tutaukata mguu," daktari aliniambia sasa, bila kuzunguka. Niliiwaza pedali ya cherehani yangu. Kazi nyingine sikuijua. Nililia mbele za watu wala sikuona haya.

"Ukishasafisha utamshona tena?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama. Nikifunga leo, nafungia uchafu ndani. Tutaosha, tutarudia kuosha, mpaka nyama nzima ionekane."

Alitafuta kiti, akaketi. "Basi ni mimi," alisema polepole. "Nimemshonea mwanangu ugonjwa."

Tangu niolewe alikuwa akiniita "wewe binti".

Waliniingiza chumba cha upasuaji mara nyingi hata nikachoka kuhesabu. Mfupa ulishikwa kwa vyuma, dawa zikapita mshipani, homa ikashuka. Kila nilipofunguliwa bandeji, mama mkwe aliinama kukagua, na asubuhi moja akatangazia wodi nzima, "Nyekundu! Nyama ni nyekundu!" Utadhani kajukuu kamezaliwa. Wagonjwa walicheka, na mimi nikacheka nao. Mwishowe walichukua ngozi pajani wakaiweka kiraka.

Siku ya kwanza kukanyaga pedali tena, nilifika kwenye mashine nikichechemea. Mama mkwe alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye mshono wa kile kiraka, uliokunjamana na kwenda upande.

"Haya, mama," nilimtania. "Fumua."

Aliinuka.

"Huu uache," alisema, akanirushia kitambaa nianze kazi.