Safari Imehitimishwa Mapema

Roketi ilipasuka angani kama yai lililotupwa ukutani, na chini, kwenye ukumbi wa matangazo, wafanyakazi wote wakapiga makofi.

Hawakupiga kwa furaha. Grady Lockwood, mkuu wa mawasiliano wa kampuni ya roketi, alikuwa nyuma ya kamera akizungusha mkono hewani: endeleeni, endeleeni. Ndivyo walivyofundishwa. Chombo kikiruka, makofi. Kikiharibika, makofi zaidi, ili mtazamaji aliyeko nyumbani asipate nafasi ya kushtuka.

Mbele ya kamera alisimama Zulema, binti wa palepale, mji wa Las Garzas, aliyeajiriwa mara tu alipomaliza chuo awe mtangazaji wa kampuni. Aliipenda kazi ile. Aliamini kwa moyo wote kwamba siku moja mtoto wa mtaani kwao angekaa ndani ya chombo kama kile na kuiona pwani ya Texas kutoka juu.

"Sema sasa," sauti ya Grady ilimjia sikioni. "Na tabasamu."

Neno "kulipuka" lilikuwa marufuku.

"Safari imehitimishwa mapema," Zulema alisema, akatabasamu. "Na tumejifunza mengi!"

Mchana alikwenda kwenye duka la mikate la mjomba wake Refugio, ambaye mji mzima unamwita Cuco. Dirisha kubwa la mbele halikuwapo. Lilikuwa sakafuni, juu ya kaunta, na ndani ya trei za unga uliokandwa kwa ajili ya mikate mitamu ya jioni. Mjomba alikuwa amekalia gunia la sukari, bendeji ya zahanati imemfunika jicho la kushoto.

"Karibu, nyota wetu," alisema mkewe, Herlinda, bila kuinua uso. "Tulikuwa tunakutazama."

"Mjomba! Umeumia?"

"Nani kaumia? Jicho langu limehitimisha safari mapema."

"Na dirisha limejifunza mengi!" akadakia jirani mmoja aliyekuwa akifagia. Wakacheka, kicheko kikavu cha watu wenye hasira.

"Daktari anasemaje?"

"Eti tusubiri uvimbe upungue ndipo ajue kama litaona. Nilikuona kwenye runinga, nikamwita Herlinda, njoo umwone mtoto. Mara mkaanza makofi. Nikajua mambo yamekwenda vizuri. Nikasogea dirishani niitazame ikipaa. Ndipo kishindo kikafika huku. Mimi niko chini natoa vioo usoni, ninyi bado pa-pa-pa, mnapiga tu." Akamkazia lile jicho moja. "Mlikuwa mnampigia nani makofi, mwanangu?"

Zulema alirudi kazini moja kwa moja.

Grady alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kwa huruma. "Pole sana. Kweli kabisa. Tutamtumia maua." Kisha akampa karatasi ya kusoma mbele ya waandishi wa habari. Ilisema vipande vyote vimeangukia baharini na hakuna mwananchi aliyedhurika.

"Grady, mjomba wangu ni nani? Si mwananchi?"

"Hatujathibitisha chanzo. Dirisha la zamani vile, huenda ni upepo."

"Upepo!"

"Soma tu, Zulema. Watu wa hapa wanakuamini wewe. Unadhani tulikuajiri kwa nini?"

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemsifu mwenzake. Zulema alihisi aibu ikimpanda shingoni, na nyuma ya aibu hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani.

Chumba kilijaa. Kwenye viti vya mbele walikaa waandishi wa kutoka mbali, waliosafirishwa na kulishwa na kampuni. Nyuma kabisa alisimama Eliud Treviño wa redio ya mji, ambaye kila mara alinyoosha mkono na kila mara muda uliisha kabla ya zamu yake.

Zulema alisoma mstari wa kwanza. Kwenye "hakuna mwananchi" ulimi ukakataa. Akaiweka karatasi chini.

"Eliud. Uliza."

Grady aliinuka nusu kitini. Eliud mwenyewe alibabaika, hakuwa ametarajia. "Mimi? Haya... ile roketi imelipuka, au haikulipuka?"

"Imelipuka. Kishindo chake kimevunja dirisha la Refugio Salinas, muuza mikate, na kioo kimemkata jichoni, sisi tukiwa tunapiga makofi. Mimi ndiye niliyewaambia safari imehitimishwa. Niliwadanganya."

Kipaza sauti kikazimwa. Akarudia kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kihispania, kwa nguvu hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Alipomaliza, mfanyakazi mmoja wa kampuni, kwa mazoea tu, alianza kupiga makofi. Akashtuka, mikono ikamgandia hewani.

Jioni alirudi dukani bila kitambulisho shingoni. Walikuwa wamemsikia redioni.

"Na kazi?" mjomba aliuliza.

"Imehitimishwa mapema."

Mjomba hakucheka. Alimsogezea ufagio.

"Anzia kule chini ya kabati," alisema. "Vioo bado vipo."